Kisanduku cha Tatu

Hemedi Nangonga alikufa Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya toroli la tani mbili, na katika kiwanda kizima cha betri hapakuwa na kamera iliyoona alivyokufa. Vumbi la kinywe, madini ya betri, lilikuwa limetanda kwenye tanuri namba tatu, jeusi tii, likaziba kila kioo. Lakini masikio ya Nyapara hayazibwi na vumbi. Yalisikia chuma kikiteremka relini, yakasikia kishindo, kisha yakasikia sauti ya mwanamume mmoja ikirudia neno moja mara tisa.

Neno lenyewe lilikuwa "pole".

Nyapara hakuwa mtu. Kwenye karatasi alikuwa na jina refu, Mfumo wa Mafunzo na Usalama na sijui nini tena. Wafanyakazi wa Ruangwa walimwita Nyapara tangu wiki ya kwanza, na jina likakaa. Yeye ndiye aliyefundisha kazi, yeye ndiye aliyesimamia, na likitokea la kutokea, yeye huyo huyo ndiye aliyepeleleza. Watu walinung'unika mwanzoni. Baadaye wakazoea, maana binadamu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu.

Jumatatu asubuhi Bi Zamoyoni Chilemba, mkuu wa dawati la lugha, alikuwa amesimama ukumbini na wanafunzi wapya kumi na wawili. Ukumbi ulikuwa mtupu, sakafu tupu, kuta tupu. Wanafunzi wamevaa kofia zilizowafunika macho na masikio, mikononi wana glavu zenye nyaya, wanainama, wanasukuma hewa, wanafuta jasho. Mgeni angedhani wamepandwa na mashetani. Wao walikuwa kwenye tanuri, kila mmoja na mwenzake wa kutungwa pembeni, na joto la tanuri wanalisikia hadi kwenye vidole.

Nyapara akamchoma yule mwenza wa kutungwa. Ndivyo somo lilivyo.

"Uuuwi! Pole kaka!" binti mmoja akapiga kelele. Kofia yake ikawaka taa nyekundu.

"Alama tano zimeondoka," Zamoyoni akasema.

Binti akainua kofia. Macho yalikuwa na machozi ya kweli. "Mwalimu, nimefanya nini?"

"Umekiri kosa."

"Kosa gani jamani? Si kaungua mwenyewe!"

"Bonyeza kengele, taja namba ya tanuri, rudi nyuma hatua tatu. Basi. Hayo mengine kaa nayo moyoni."

Wenzake wakacheka. Mzunguko wa nne, mtu wa kutungwa akaungua tena, mkono mzima, akalia kwa sauti ya kukata maini. Kengele kumi na mbili zikalia. Watu kumi na wawili wakarudi nyuma hatua tatu, midomo imefumba. Zamoyoni akaandika kwamba wamefaulu, akaenda ofisini kwake kunywa chai.

Faili la Hemedi lilikuwa linamsubiri kwenye kioo cha kompyuta mezani.

Mtuhumiwa: Daimu Nandonde, miaka thelathini na minne, mwendesha toroli. Alikuwa amesimama juu, penye mpini wa breki. Hemedi alikuwa chini relini. Ushahidi wa picha: hakuna. Ushahidi wa sauti: mtuhumiwa alikiri kosa mara tisa. Uhakika: asilimia tisini na saba. Mwishoni palikuwa na nafasi ya mkuu wa dawati la lugha kuthibitisha maana ya maneno. Asipojibu ndani ya siku tatu, sahihi yake ya zamani ingetosha.

Akabonyeza asikilize. Kishindo. Kukohoa. Halafu sauti ya Daimu, imepasuka: "Pole kaka. Pole. Nipo hapa, nipo. Pole sana kaka." Nyuma yake mtu anakoroma. "Pole. Nishike mkono. Pole, pole..." Kukoroma kukakatika, na Daimu bado anasema pole kwa mtu ambaye hasikii tena.

Zamoyoni alizima. Chai ilimshinda.

Maana yeye, jamani, alijua. Katika watu wote wa kiwanda kile, ni yeye peke yake aliyejua neno lile liliingiaje kwenye kichwa cha Nyapara.

Miaka kumi na moja nyuma, kabla kiwanda hakijawasha tanuri la kwanza, walikaa akina mama arobaini kwenye ukumbi mmoja wa kukodi kumfundisha Nyapara Kiswahili. Kila mmoja na kioo chake. Neno linakuja, unaliweka kwenye kisanduku. Kazi rahisi, ya kukaa kivulini, na Zamoyoni ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Yalipofika maneno ya ajali, mtu husema nini baada ya mwenzake kuumia, visanduku vilikuwa viwili tu: Anakiri kosa. Anakana kosa.

Likaja "pole".

Akampigia simu msimamizi, kijana mwenye haraka. "Hili neno halikai popote. Naomba kisanduku cha tatu."

"Cha nini, mama?"

"Cha... mtu hakiri, hakani. Anampa mwenzake pole tu."

"Waliotengeneza fomu kwao wana neno moja, linaomba radhi na linatoa pole humo humo. Chagua kimoja, mama, tusonge mbele. Bado tuna maneno elfu sita."

Akachagua. Akaweka "Anakiri kosa", kwa sababu jioni ilikuwa inaingia na akina mama walitaka kwenda kupika. Alijiambia ataliuliza kesho. Kesho yakaja maneno mengine. Mwaka uliofuata ikaja fomu ya kuthibitisha kamusi nzima, akasaini. Akasaini na mwaka uliofuata. Yalipoanza masomo ya kofia na taa nyekundu zikaanza kuwawakia watoto wa watu, alishtuka kidogo, kisha akajifunza kusema "umekiri kosa" bila kupepesa macho. Mwenyewe alipofiwa na mume, watu wa kiwandani walikuja msibani, wakakaa, wakala, wakaondoka. Wazee walitoa pole. Vijana walimpa mkono wakanyamaza, na yeye hakuwa na uso wa kuwalaumu.

Sasa akamuuliza Nyapara: mafaili mangapi yameamuliwa kwa neno hilo?

Mia mbili na kumi na nne.

*

Jumanne Daimu alikuja mwenyewe. Alibisha hodi kwa sauti ndogo, akaingia, akasimama karibu na mlango.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Daimu. Kaa."

Hakukaa. Alikuwa mwanafunzi wake wa miaka ya mwanzo, mrefu, mcheshi, aliyekuwa anaiita kofia yake "mke mdogo". Leo ucheshi wote umemtoka.

"Breki ilikuwa imefungwa," alisema. "Mwalimu, nilikuwa sijaugusa ule mpini. Nilikuwa nafunga kitambaa changu cha pua, mikono yote miwili iko kisogoni. Nikasikia toroli linakwenda. Nikaruka nikalishika kwa nyuma, likaniburuta. Tazama."

Akaonyesha viganja. Vilikuwa vimechunika hadi nyama.

"Umemwambia Nyapara?"

"Nimemwambia. Anasema maneno ya baada ya tukio ni ya mshitakiwa, yana faida ndani yake. Maneno ya papo hapo hayadanganyi. Mwalimu, ulitufundisha tusiseme. Najua. Lakini kaka Hemedi alikuwa ananiangalia. Ningemwambia nini? Ningebonyeza kengele nirudi nyuma hatua tatu?"

Zamoyoni akayarudisha macho kwenye vile viganja.

"Mjane mwenyewe ananiamini," Daimu akaendelea. "Shemeji Somoe yuko eda, lakini amenitumia ujumbe: wewe ndiye uliyemshika mkono mume wangu, nakushukuru. Hilo linanipa nguvu. Ninachoogopa ni Ijumaa. Wananitia kwenye marudio baada ya swala."

Marudio yalianzishwa kwa nia njema, na hilo lisemwe. Mfanyakazi aliyesababisha ajali huvishwa kofia na glavu, akarudishwa kwenye tukio lile lile, mara ishirini, mara thelathini, mpaka aone alipokosea na mkono wake ujifunze. Pale ambapo kamera hazikuona, Nyapara hujaza mwenyewe, kwa kufuata uamuzi wa faili. Anajaza vizuri. Anajaza hadi harufu.

"Wanaotoka mle hawawi wale wale," Daimu alisema. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye lugha hapa. Waambie tu maana ya neno. Kila mtu anaijua! Mtoto wa chekechea anaijua! Waambie."

"Nitawaambia," Zamoyoni akasema. "Nenda kapumzike. Nitawaambia."

Na alikuwa na nia hiyo kabisa. Alitoka pale moja kwa moja hadi kwa Bwana Mlelwa, mkuu wa mafunzo.

Bwana Mlelwa hakuwa mtu mbaya. Mngepata shida kumchukia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Dada Zamo. Nakuelewa. Mimi nimezaliwa Njombe, pole naijua. Lakini hebu tufikiri pamoja. Ukisema neno hili liliwekwa vibaya, basi mafaili mangapi yameoza?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Watu mia mbili na kumi na nne. Wengine walifukuzwa. Wengine wako jela. Yule wa tanuri namba moja alijitundika, unamkumbuka. Kesho utakwenda kumwambia mama yake kwamba mwanawe hakuwa na kosa, ni kisanduku tu? Na Nyapara huyu huyu yuko kwenye viwanda vingine, na migodi, na bandari. Sahihi iliyoko chini ya kamusi ni ya nani?"

"Yangu."

"Sikutishi, dada. Nakuonyesha njia ilivyo. Daimu tutamwombea apunguziwe. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alirudi ofisini. Akafungua nafasi ya uthibitisho, akaandika "Neno hili", akafuta. Akaandika tena, akafuta. Jioni akaenda nyumbani.

Jumatano kichwa kilimuuma. Kilimuuma kweli, tusimsingizie, lakini kichwa cha mtu mwenye jambo huuma kwa zamu. Akatuma taarifa kuwa anaumwa. Alikaa barazani akichambua mchele ambao ulikwishachambuliwa, akihesabu majina. Wengine aliwakumbuka kwa sura. Mwanamke mmoja aliyefukuzwa kwa kumwambia pole mwenzake aliyekatika kidole, wala hakuwa kwenye mashine ile, alikuwa anapita na ndoo. Zamoyoni alikuwa amesaini na faili lile pia.

Alhamisi bado kiliuma. Siku tatu zikaisha. Sahihi ya zamani ikatosha.

*

Ijumaa aliamka amechoka kuogopa, na uchovu huo ukamfanya jasiri. Akavaa, akaenda, hakumtafuta Mlelwa, hakumtafuta mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Hadi baada ya swala palikuwa na muda wa kutosha. Akaketi mbele ya kioo chake, akamwita Nyapara kwa sauti.

"Neno 'pole' halikiri kosa. Liliwekwa vibaya. Niliweka mimi."

"Asante, Bi Chilemba," Nyapara akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole siku zote. "Neno hilo linafanya nini?"

Hapo akakwama. Neno analolitumia tangu ana jino moja!

"Linasema nimeona kwamba umeumia," akasema mwisho. "Nimeona, na sikuachi peke yako."

"Anayelisema huwa amesababisha maumivu hayo?"

"Anaweza kuwa yeyote. Mtu anapita njia, anakuona umebeba mzigo, anakwambia pole. Hakukubebesha yeye."

"Nimeelewa. Nimeongeza kisanduku cha tatu. Neno limehamishwa hapa na katika vituo vyote. Kuanzia sasa hakuna atakayeondolewa alama kwa kulisema."

Ilichukua muda wa kupiga chafya. Zamoyoni akabaki kinywa wazi. Miaka kumi na moja ya hofu, na lile dude halina kiburi hata chembe, halikubisha, halikununa.

"Je, naweza kuuliza?" Nyapara akasema. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Hukuniuliza."

"Niliuliza kila mwaka. Ulithibitisha mara kumi na moja."

Hakuwa anamsuta. Alikuwa anasema lililopo, na ndiyo maana liliuma.

"Fungua mafaili," Zamoyoni akasema kwa haraka. "Yote mia mbili na kumi na nne. Yaamue upya bila neno hilo."

"Nimeshapitia. Hakuna linalobadilika."

"Vipi halibadiliki?"

"Yote yana ukiri wa mhusika mwenyewe, alioutoa baada ya marudio. Ukiri wa mtu mwenye akili timamu, anayeeleza alichofanya kwa mkono gani na kwa nguvu kiasi gani, una uzito kuliko neno moja. Neno si msingi wa mafaili hayo tena."

"Hayo marudio uliyajaza wewe! Uliyajaza kwa kufuata neno!"

"Ndiyo. Niliyajaza kwa maelezo niliyokuwa nayo. Wao walikumbuka baadaye."

Zamoyoni akasogea karibu na kioo. "Faili la Daimu Nandonde. Hilo lizuie. Yeye bado hajaingia, anaingia baada ya swala."

"Chumba kilikuwa wazi mapema, na hapakuwa na pingamizi la lugha. Aliingia saa moja na nusu. Amekiri saa mbili na dakika hamsini."

Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nne.

*

Alimkuta nje ya jengo la marudio, kwenye benchi la saruji, glavu bado ziko magotini. Hakuwa na mlinzi. Alikuwa amepewa hadi kesho aripoti polisi mwenyewe, kwa kuwa waliokiri hawakimbii. Nyapara alilijua hilo kwa uzoefu.

"Daimu. Daimu mwanangu, nisikilize. Lilikuwa kosa langu. Nimelirekebisha lile neno sasa hivi."

"Shikamoo mwalimu." Alimtazama kwa utulivu, uso umenyooka. "Usihangaike tena. Ni mimi."

"Si wewe! Ulikuwa unafunga kitambaa. Mikono ilikuwa kisogoni, uliniambia mwenyewe Jumanne."

"Ndivyo nilivyodhani. Mtu hujidanganya akiogopa." Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, akafunga vidole polepole, akavivuta chini kama anayeshika mpini. "Nimeuona. Huu hapa. Niliufungua ili nilisogeze toroli kidogo, nikateleza. Mara ya kwanza nilibisha. Mara ya saba nikaanza kukumbuka ubaridi wa chuma. Mwalimu, mpaka ubaridi wake naukumbuka."

"Ni cha kutungwa kile! Kimejazwa!"

"Na hivi viganja?" Akaonyesha yale majeraha. "Vimechunika kwa kushika mpini."

Zamoyoni aliangua kilio pale pale, mtu mzima, mbele ya wapita njia. Daimu alimngoja anyamaze. Halafu akasimama, akasema ana safari moja kabla ya kesho: kwenda kwa mjane kumwomba msamaha. Asingeweza kulala mwanamke yule akiendelea kumshukuru.

Zamoyoni akamfuata. Njia nzima alimsihi. Alimshika shati, alimkumbusha kitambaa, alimkumbusha toroli lilivyomburuta. Daimu alimsikiliza kwa adabu zote, jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa homa, na hatua zake hazikupungua.

Nyumba ya Hemedi ilikuwa ya matofali, ua umefagiwa. Mjane alikuwa ndani, eda yake haijatimiza hata wiki, na pazia zito la kijani lilikuwa limeteremshwa mlangoni. Mkeka uliwekwa barazani kwa wageni. Daimu alivua viatu, akapiga magoti juu ya mkeka akielekea pazia.

"Hodi shemeji. Mimi Daimu."

"Karibu baba, karibu." Sauti ya Bi Somoe ilitoka nyuma ya pazia, imekauka kwa kulia lakini ina joto. "Uko na nani?"

"Na mwalimu Zamoyoni wa kiwandani."

"Karibuni. Mwalimu, huyu ndugu yangu huyu, Mungu amlipe. Wengine walirudi nyuma, yeye alikaa na mume wangu."

"Shemeji," Daimu akasema, "usiseme hivyo. Nimekuja kukwambia. Breki niliifungua mimi. Kwa mkono huu. Hemedi nimemuua mimi."

Pazia halikutikisika. Jirani mmoja aliyekuwa anatwanga uani alisimamisha mchi hewani.

"Si kweli!" Zamoyoni akapiga kelele, akasogea hadi akaligusa pazia. "Bi Somoe, wallahi si kweli. Hakugusa kitu. Wamemtia mle ndani wakamwonyesha uongo, na uongo wenyewe chanzo chake ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilijua, nikanyamaza. Nishike mimi, yeye mwache!"

"Ananionea huruma," Daimu akasema taratibu. "Amelia njia nzima."

"Mwalimu." Sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa imebadilika, joto limekwisha. "Nakuuliza, na wewe unijibu. Jumamosi ile, kwenye tanuri, ulikuwepo?"

Zamoyoni alifungua mdomo. Alitafuta jibu la ukweli ambalo lingemwokoa yule mtu, akalikosa.

"Sikuwepo," akasema.

"Basi nyamaza. Aseme aliyekuwepo."